Kigoda cha Pehlwan

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, lakini kufika Jumatatu jioni ilikuwa imeshapita mikononi mwa nyumba nzima, na kila mtu ameiachia alama. Mama mkwe aliiachia doa la samli. Shangazi aliikunja akapungia nzi. Mtoto Mahin, wa miezi minane, aliionja pembe moja akairudisha imelowa. Mwenye fomu, Daktari Sumbul, alikuwa hajaandika hata jina lake.

Fomu ilitaka jambo moja. Baada ya miaka minne ya kuunga kila mfupa uliovunjwa na pikipiki za Gujranwala, sasa achague tawi moja la kubobea: watoto, mkono, uti wa mgongo, goti au nyonga. Irudishwe Jumamosi kabla ya adhuhuri, ikiwa na sahihi ya profesa. Atakachokiandika hapo ndicho atakachokishika mpaka nywele zigeuke mvi.

"Goti," alisema Shangazi Rashidan, dada yake baba mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba uani, mguu mmoja juu ya mto. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale, lakini kwake alikuwa akienda kulala tu. "Andika goti, mwanangu. Dunia nzima inaumwa goti."

"Dunia nzima au wewe?" Bashiran, mama mkwe, aliuliza bila kuinua macho kwenye unga.

"Kwani mimi nakaa nje ya dunia?"

"Andika mkono," Bashiran akasema, akinyoosha vidole vyake ambavyo kila alfajiri vilikufa ganzi. "Mkono una adabu zake. Uko nje, kila mtu anauona. Huna haja ya kumvua mtu nguo."

Junaid, mume wa Sumbul, mwalimu wa kemia, alisafisha koo. "Mimi naona uti wa mgongo. Mtu anayesimama ubaoni kutwa nzima kama mimi..."

"Wako wewe si mgongo, ni uvivu," mama yake akamkata.

Sumbul aliinamisha kichwa kwa mtoto ili wasimwone akicheka. Hospitalini walimwambia kwamba daktari huchagua tawi kwa kipaji chake, au kwa mwalimu aliyempenda, au kwa saa za kazi. Hakuna aliyemwonya kwamba kila jamaa atamchagulia pale panapomuuma yeye.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" Junaid aliuliza. Alichelewa, lakini ndiye pekee aliyekumbuka.

"Nyonga."

Msukumio wa chapati ulisimama. Shangazi alishusha mguu kutoka juu ya mto. Hata pazia lililotenga ua na chumba cha mbele lilionekana kama limetega sikio, na kweli lilikuwa limetega, maana nyuma yake kilisikika kikohozi kizito cha Mehraj Din Pehlwan.

Mehraj Din alikuwa baba mkwe, miaka sitini na sita, kilo mia na kumi na tano. Ujanani aliangusha wapiga mieleka wa mji mzima, ndipo akaitwa Pehlwan, bingwa wa mieleka. Uzeeni alikuwa akiwarudishia watu viungo vilivyoteguka, kama wafanyavyo mapehlwan wa Gujranwala tangu zamani. Watu walikwenda kwake kwanza, hospitali baadaye, wengine wakiwa na manjano na samli mpaka kwapani. Alifanya kazi akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi cha kamba, magoti karibu yaguse kidevu. "Mfupa hauongozwi na mtu aliyekaa juu kama karani," ndivyo alivyokuwa akisema.

"Nyonga ya nani?" sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Sumbul alivuta mtandio kichwani. "Ya yeyote aliyeumia, Baba."

"Na ya mwanamume?"

"Wanaume nao wanazo, Baba."

Bashiran alijitia shungi mdomoni.

"Sikiliza, binti. Bonyeza magoti, bonyeza vidole, sijakukataza. Lakini mke wa mwanangu hatashika nyonga za wanaume wa mji huu. Nikienda msikitini nitawaambia nini watu? Na nyonga huvunjika saa yoyote. Utaitwa, utakwenda, mtoto atabaki na nani? Bashiran hatamlea mtoto kwa ajili ya viuno vya watu."

Bashiran hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliendelea kusukuma. Hapo ndipo Sumbul alipojua kwamba shauri limekuwa gumu, kwa sababu bila mikono ya Bashiran hapakuwa na kazi ya dharura, na bila dharura hapakuwa na nyonga.

* * *

Jumanne Profesa Tanvir alimwita ofisini, akamimina chai mwenyewe, jambo lililomtia Sumbul wasiwasi. Profesa hakuwa akimimina chai bure.

"Watoto," alisema. "Andika watoto. Miguu midogo iliyopinda, unaifunga hogo la plasta wiki baada ya wiki, inanyooka, mama analia kwa furaha, saa nane uko nyumbani. Wanawake watatu wamepita mikononi mwangu. Wawili wako kwenye mkono, mmoja kwa watoto. Wote wanafurahi."

"Walichagua wenyewe, Profesa?"

"Nilipomaliza kuwashauri."

Madaktari wengine wanne wanaosomea ubingwa walikuwa mlangoni na mafaili yao, na profesa alipenda kuwa na hadhira. Alichukua nyundo ya chuma iliyokuwa juu ya kabati, akampa Sumbul. Mkono ulishuka kidogo, wote wakaona.

"Una kilo ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Paja la mwanamume wa Gujranwala lina ishirini. Binti yangu, nyonga ni kazi ya seremala. Siku utakaporudisha nyonga ya mwanamume mzima kwa mikono yako, nitakutilia sahihi kwa mikono yangu yote miwili."

Wakacheka. Daktari Usama, mrefu kama nguzo ya umeme, alicheka na wenzake, halafu akatazama viatu vyake.

Sumbul alirudi wodini. Mgonjwa wa kitanda cha sita alimwomba amwitie daktari. "Ni mimi," alisema Sumbul. "Najua, dada," mgonjwa akamjibu kwa upole, "namaanisha yule anayekuja baada yako." Kitanda cha saba kulikuwa na bibi aliyeletwa wiki iliyopita amevunjika nyonga, jamaa zake wameshamgeuzia uso kibla, mmoja ameshanunua sanda. Siku ya tatu baada ya upasuaji alikwenda msalani kwa miguu yake, na aliporudi alimtukana muuguzi kwa sababu ya sabuni. Sumbul hakuwahi kusikia matusi matamu kama yale. Ile ndiyo sababu yake, lakini haikuwa na nafasi kwenye fomu.

* * *

Jumatano, saa nne asubuhi, Mehraj Din Pehlwan alikuwa kwenye kigoda chake akiurudisha mkono wa mwashi mmoja. Aliinama kufuata kiwiko, akajipinda kidogo upande wa kulia, na kitu ndani yake kikalia *klok*. Mwashi alidhani ni bega lake limerudi, akashukuru. Kisha akaona Pehlwan mwenyewe amelala ubavu sakafuni, jasho jembamba limemtoka kwenye masharubu.

"Mshipa," alisema Pehlwan. "Mshipa umekaza. Nipeni samli."

Bashiran alikuja, akatazama. Mguu wa kulia wa mumewe ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu, na kidole gumba kimeelekea ndani kama kinauliza kitu. Hakuleta samli. Alisimamisha gari la muuza magodoro lililokuwa likipita, akaamuru vijana sita wampakie juu ya bidhaa.

"Hospitali siendi."

"Huendi, unapelekwa. Kwa mke wa Junaid."

Sumbul alipomwona akiingizwa dharura juu ya godoro la maua, huku muuza magodoro akiuliza nani atalilipia, mkono ulikimbilia mtandio. Lakini macho yalikuwa ya daktari, yaliona mguu kabla ya kumwona baba mkwe. Mfupi, umekunjwa, umegeukia ndani. Nyonga ilikuwa imetoka kwa nyuma. Akajiuliza, mzee aliyekaa tu kwenye kigoda, hakugongwa na gari, nyonga yake itokeje?

Eksirei ilimjibu. Kwenye picha, pale panapopaswa kuwa na mfupa, kulikuwa na mpira wa chuma uking'aa kama taa ya pikipiki, umetoka kwenye kikombe chake.

Sumbul alisimama na ile picha mkononi. Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, Pehlwan alikwenda Multan kwa binamu yake akakaa miezi miwili. Alirudi na kreti mbili za maembe, na fimbo ambayo alisema ni zawadi.

Alimtuma Junaid, aliyekuwa amefika akihema kutoka shuleni, akanunue maji. Kisha alivuta pazia la kitanda, akavuta na mtandio wake.

"Baba, hii picha nimeiona mimi, Daktari Usama na mpiga picha. Hakuna mwingine."

"Mwunga mifupa mwenye mfupa wa dukani," alisema Pehlwan, akitazama dari. "Ikijulikana, hata kuku wa mtaa huu hawataniletea bawa."

"Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa."

"Hata kwa Junaid?"

"Hata kwa Junaid."

"Basi nitibiwe na mwanamume."

Alipewa mwanamume. Usama alimchoma sindano ya usingizi kidogo, akapanda juu ya kitanda, akaushika mguu kwa mikono miwili akavuta. Kitanda cha magurudumu kilimfuata kama punda. Wakazuia magurudumu. Alivuta tena mpaka shingo ikawa nyekundu, na Pehlwan, ndani ya usingizi, akanguruma tu kama mtu anayekandwa. Nyonga haikusogea. Alipozinduka walimwambia kwamba chumba cha upasuaji kimejaa mpaka magharibi, na kila saa inayopita inauweka mshipa wa fahamu wa mguu hatarini.

"Niache nijaribu mimi, Baba," Sumbul alisema. "Nikikuacha hivi mpaka magharibi, huenda usiinue huo wayo tena."

Pehlwan alimtazama. Miaka minne alikuwa amemwona mkwe huyu akivuta mtandio kila anapopita, akiweka chai na kurudi nyuma. Miaka minne hawakuwahi kugusana hata mkono wa Idi. Sasa ndiye anayetaka kumshika paja.

"Nitaonekanaje?" aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Utakuwa umelala."

"Nami nitajua." Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono, akavuta shuka ya hospitali, akajifunika uso mpaka ndevuni, akaikaza kwa vidole kama bibi harusi. "Haya. Fanya upesi."

Usama aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Sindano ya pili ikafanya kazi, vidole vikaachia shuka. Sumbul alimfunga Pehlwan kiunoni kwa mkanda, akamwambia Usama ashikilie mifupa ya kiuno isinyanyuke. Hakuvuta. Alivua kiatu, akapandisha mguu wake juu ya kitanda, akaliweka goti lake chini ya goti lile zito, na mkono mmoja akaukandamiza wayo wa Pehlwan chini, taratibu. Aliyajua maneno kwa moyo. Aliyasikia mara mia nyuma ya pazia la ua, Mahin akiwa kifuani: *Anayevuta ni punda. Tafuta egemeo, mwili wenyewe ufanye kazi.* Akanyanyua kisigino chake. Kilo arobaini na tisa zikapanda kidogo, na kilo mia na kumi na tano zikasikia.

*Klok.*

Mguu ukarefuka mbele ya macho yao. Usama alibaki ameshika kiuno cha mtu ambaye hakuhitaji tena kushikwa.

* * *

Pehlwan alipoamka aliinua wayo mara mbili walipomwambia ainue. Sumbul alikuwa amekwenda kuomba eksirei nyingine, kwa hiyo Pehlwan alimkuta Usama peke yake.

"Nani aliirudisha?"

"Daktari Sumbul."

"Alivuta?"

"Hakuvuta, Ustadhi. Alikuwekea goti lake chini ya lako, akanyanyua kisigino."

Masharubu ya Pehlwan yalianza kutikisika upande mmoja. "Huo ni mtego wangu," alisema. "Nilimwangushia nao bingwa wa Sialkot. Ameutoa wapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Kila nikifanya kazi, yuko nyuma ya pazia. Nikiuliza anafanya nini, naambiwa ananyonyesha. Nikasema mtoto huyu ananyonya kama ndama."

Sumbul alirudi na masharti. Mto katikati ya miguu wakati wa kulala. Asikunje miguu kukaa. Na kigoda, basi. Nyonga ile haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa chini. Akichuchumaa, inatoka tena, na safari ijayo huenda ikataka kisu.

"Kigoda nitakiacha," alisema Pehlwan. "Lakini nyumbani ni mshipa."

"Nyumbani ni mshipa, Baba."

"Na mambo ya fomu yako yale, nilichosema nimesema."

Shetani alimpitia Sumbul hapo hapo. Neno moja tu lingetosha, neno *chuma*, alitamke karibu na Shangazi Rashidan, na kabla ya swala ya alasiri mji mzima ungekuwa unajua. Alilionja neno lile ulimini, likawa tamu. Kisha akalimeza. "Sawa, Baba," alisema, akavuta mtandio.

* * *

Ijumaa baada ya swala ndiyo siku kubwa ya mwunga mifupa. Wateja watano walikuwa wamejaa chumba cha mbele, wa kwanza akiwa Karamat muuza nyama na kifundo chake kilichovimba. Pehlwan aliingia na fimbo, Shangazi Rashidan akimfuata nyuma akieleza kila mtu habari za mshipa. Sumbul alisimama nyuma ya pazia na Mahin. Fomu ilikuwa mfukoni, na kalamu. Usiku uliopita alikuwa ameandika jina lake, na mbele ya neno *watoto* aliweka nukta, nukta ndogo tu, inayoweza kugeuka alama au kubaki uchafu.

Bashiran aliingia na kigoda. Alikuwa amekipangusa mpaka kinang'aa. Akakiweka chini, katikati ya chumba, akakigongagonga. "Karibu mahali pako, Pehlwan. Watu wanakungoja."

Pehlwan alikitazama kama mtu anayetazama kisima.

"Leo nitafanya nimesimama."

"Umesimama kama mnara? Si wewe unayesema mfupa hauongozwi na mtu aliyekaa juu? Keti, mshipa umeshaachia."

"Keti, kaka," Shangazi akaunga mkono. "Watu watasema umezeeka."

Karamat na wenzake walitazama. Pehlwan alishika fimbo kwa mikono miwili, akaanza kushuka. Magoti yakakunjwa kidogo, kisha zaidi. Sumbul alihisi kisigino chake mwenyewe kikinyanyuka. Hakuweza kusema sababu. Siri haikuwa yake. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Baba."

Neno hilo tu. Pehlwan aliganda katikati, matako hewani, si juu wala chini. Alibaki hivyo kiasi cha mtu kusoma Alhamdu. Kisha akainuka.

"Leteni kiti cha Junaid. Kile kirefu, cha kusahihishia madaftari."

Kikaletwa. Akaketi, wima, kama karani.

"Ustadhi," Karamat alisema kwa uangalifu, "leo kiti?"

"Amri ya daktari wangu."

"Daktari gani huyo wa kumwamuru Pehlwan?"

Mehraj Din aligeuza shingo yake nene akalitazama pazia. "Wa nyonga," alisema. "Yumo humu ndani, ananyonyesha. Akimaliza, muulizeni."

Shangazi Rashidan alifungua mdomo. "Nyonga yako ina nini?"

"Ina chuma. Cha Multan. Kigumu kuliko kichwa chako. Jumatano kilitoka, na jitu moja kama nguzo likakivuta likashindwa. Huyu mtoto mdogo akakirudisha kwa mtego wangu mwenyewe. Haya, Karamat, lete mguu. Na anayetaka kwenda kwa mwunga mifupa mwenye mifupa yake yote, mlango uko wazi."

Hakuna aliyeondoka. Karamat alinyoosha mguu juu zaidi, ufike kwenye kiti.

Ni Bashiran tu ambaye hakushangaa. Alikiokota kigoda, akakitia kwapani. "Miaka miwili nalala kando ya mtu anayegeuka kama lango la chuma," alisema. "Kovu la shibiri, eti maembe."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nangoja uchoke kuwa mwongo." Akapita pazia, akamtwaa Mahin mikononi mwa Sumbul. "Andika. Huyu utaniachia mimi, saa yoyote watakayokuita. Lakini Jumapili mtoto ni wako na chapati ni zako."

"Na vidole vyako, Mama?"

"Ulisema juzi wapo madaktari wanawake wawili wa mkono. Nipeleke kwa mkali zaidi."

Sumbul aliiweka fomu ukutani, doa la samli likiwa juu, akaifuta ile nukta kwa ukucha mpaka karatasi ikakwaruzika. Kisha akaweka alama mbele ya neno *nyonga*.

* * *

Jumamosi Profesa Tanvir alikuwa ameshasikia kwa Usama, na Usama alikuwa ameshawasimulia wote waliokuwa mlangoni Jumanne. Walirudi wote, bila kuitwa, na mafaili matupu. Profesa alisoma fomu, akaitazama hadhira yake, akaona hapana pa kutokea. Alishika kalamu kwa mikono miwili. Sahihi ilitoka imepinda kama mguu usiofungwa hogo vizuri, lakini ilikuwa sahihi.

Sumbul alifika nyumbani adhuhuri. Shangazi Rashidan alikuwa kwenye kitanda cha kamba uani, mto umekwisha kuhamishwa chini ya kiuno.

"Goti linaendeleaje, Shangazi?"

"Goti lina nini? Goti ni zima," alisema Shangazi, akijipapasa juu zaidi kwa uso wa mtu aliyeonewa. "Ni hapa, mwanangu. Pameanza jana, baada ya swala."